Mkono wa Waziri wa Amani

Ilikuwako nchi, na ingali ipo, maana nchi za namna hiyo haziishi upesi. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu mambo haya yalipotokea lilikuwa bado linajadiliwa bungeni, na wabunge walikuwa wameafikiana herufi ya kwanza tu. Ilikuwa nchi ya amani sana. Amani yenyewe ilikuwa na wizara yake, wizara ilikuwa na magari ya maji ya kuwasha, na juu ya lango lake palichorwa njiwa mkubwa mweupe aliyevaa kofia ya chuma.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Kidawa, mshona sare za shule. Alisomea ushonaji chuoni, akapata stashahada, akaitundika ukutani juu ya cherehani, akaendelea na kazi. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Mteja akilalamika kwamba suruali imebana, Bi Kidawa aliiacha suruali akamtazama tumbo. Alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, akawalea peke yake kwa kanuni moja: nyumbani kwangu hapigwi mtu. Mkitaka kugombana gombaneni kwa mdomo, na mdomo ukichoka kuna vyombo vya kuosha.

Binti yake mkubwa, Nasra, alikua akawa mwamuzi wa mpira wa miguu. Siku alipoleta habari hiyo nyumbani, mama yake alimuuliza swali moja tu.

"Wanaume wote wale wanakusikiliza?"

"Asiyesikiliza namtoa nje, mama."

"Basi ni kazi nzuri. Vaa kofia, jua kali."

*

Balaa lilianzia kwenye fainali ya Kombe la Umoja, Wizara ya Amani na Utulivu dhidi ya Wizara ya Kilimo. Kwa desturi ya nchi ile, waziri mwenyewe hucheza mbele kabisa, huvaa jezi namba kumi na hufunga mabao. Mabeki wa Kilimo walikuwa wamekwisha kuelekezwa waanguke wapi, na kipa wao alipewa likizo ya kutazama mawingu.

Waziri wa Amani, Mheshimiwa Ngulumbi, alikuwa mtu mnene mwenye mkono mpana. Alifunga bao, akafunga jingine, watu wakapiga makofi kama walivyoagizwa. Kisha akaletewa mpira akiwa amesimama golini kwa watu, nyuma ya mabeki wote, anasalimiana na kipa na kumuuliza habari za watoto. Akausukuma wavuni kwa goti.

Nasra akapuliza kipenga.

Makofi yakakatika. Hata bendera ziliacha kupepea.

"Nini hicho?" Waziri akauliza.

"Umeotea, Mheshimiwa."

"Nimeotea wapi?"

"Hapo uliposimama."

"Binti, mimi husimama ninapotaka. Nchi yote hii ni uwanja wangu."

"Sawa, Mheshimiwa. Lakini hilo si goli."

Ule mkono mpana ukanyanyuka, ukashuka. Kipenga kiliruka kikaangukia jukwaa la mabalozi. Bi Kidawa alikuwa nyumbani akitazama televisheni na pini mdomoni, na nusura aimeze.

*

Kwa kuwa kibao kilirushwa moja kwa moja, serikali haikuweza kusema hakikupigwa, ingawa ilijaribu. Kwanza msemaji alitangaza kwamba Mheshimiwa alikuwa anaua mbu shavuni mwa mwamuzi, katika kampeni ya kupambana na malaria. Wananchi wakauliza mbona hicho kilikuwa kiangazi. Ndipo alipoitwa Profesa Mlowoka wa Chuo Kikuu cha Taifa, bingwa wa mageuko ya viumbe, mtu aliyekuwa amesoma mpaka shingo ikapinda.

"Ndugu wananchi," Profesa alisema kwenye televisheni, akifuta miwani kwa tai yake, "tusiulize mkono wa Mheshimiwa umefanya nini. Tuulize umetoka wapi. Umetoka mbali! Enzi hizo mababu zetu wangali porini, kulikuwa na madume wakali na madume wapole. Dume mkali alipiga, akala, akaoa. Dume mpole alisema 'samahani, tangulia wewe', akalala njaa, akafa kapera. Niambieni, huyo mpole aliacha mtoto yupi? Sisi sote ni wajukuu wa wakali. Mheshimiwa hakupiga. Mheshimiwa alirithi."

Mtangazaji akakuna kidevu. "Kwa hiyo, Profesa, mimi nikimpiga Mheshimiwa, nami nitakuwa nimerithi?"

"Wewe ukimpiga Mheshimiwa utakuwa umevunja sheria. Silika ni kama maji ya bomba. Hutoka kwenye tangi kule juu, ikashuka kwa wananchi."

"Kumbe hayajafika mtaani kwetu," alisema Bi Kidawa, akazima televisheni.

Lakini serikali ilikuwa imefurahi mno. Miaka yote viongozi walikuwa wakipiga watu bila sababu, na sasa sababu imepatikana, tena ya kisayansi. Ikaundwa Tume ya Kupima Silika. Watumishi wa umma walipanga foleni wakapimwa taya, paji la uso na urefu wa mikono, kila mmoja akapewa cheti cha mnyama wake. Mawaziri wote walitoka Masokwe. Wakuu wa wilaya wakawa Manyani. Katibu mkuu mmoja aliyepewa Kima alikata rufaa, akaleta picha ya babu yake akimfukuza mpiga picha. Walimu wakuu walipewa Ngedere, wakaandamana kudai unyani. Ukienda posta kununua stempu, karani alikuonyesha cheti kwanza, kisha akakusukuma.

Na wananchi je? Profesa hakuwasahau. Alieleza kwamba palipo na mpigaji lazima pawe na mpigwa, kwa hiyo maumbile yaliandaa tawi la pili, tawi la wapigwa, ambao mashavu yao yalilainika kizazi hadi kizazi ili mikono ya viongozi isiumie.

Bunge likapitisha Sheria ya Silika asubuhi moja, kabla ya chai. Sheria ilisema kwamba mwenye cheti akipiga, kosa ni la aliyemchokoza. Nasra alikamatwa jioni yake, akiwa uwanjani anawafundisha watoto wa shule kurusha mpira. Shitaka lilikuwa moja: kumwamsha mnyama wa asili ndani ya kiongozi kwa kutumia kipenga. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa mwaka mzima katika Kituo cha Kunywea, mahali ambapo raia walifundishwa kuinamisha macho na kukunja mabega, kama wafanyavyo tumbili wadogo mkubwa wao akipita. Na waliohitimu hapo, ilisemekana, hawakuwahi tena kumtazama mtu usoni, hata mama zao.

*

Bi Kidawa alikwenda mahabusu na kapu la chakula. Askari wa zamu alikula nusu, akaruhusu nusu iingie.

"Wanakulisha?" akamuuliza binti yake.

"Maharage."

"Yana mawe?"

"Mawe ndiyo mengi, mama. Maharage wanatia kwa ajili ya ladha."

Walicheka kidogo, kisha Nasra akashusha sauti. "Wameniambia nikisema lile goli lilikuwa goli, naachiwa leo hii."

Bi Kidawa aliliweka kapu chini. Kila mfupa wake wa umama ulikuwa ukimwambia amjibu: sema, mwanangu, sema twende zetu nyumbani, goli ni kitu gani? Alimtazama binti yake mashavuni. Moja lilikuwa bado limevimba.

"Lilikuwa goli?"

"Mama! Alikuwa anamuuliza kipa habari za watoto!"

"Basi usiseme."

Akambusu, akatoka. Alipofika nyuma ya kibanda cha mlinzi alisimama akajifuta uso na pembe ya kanga, akajifuta tena. Kisha akaenda kutafuta wapi sheria hiyo imeshonwa vibaya, maana hajawahi kuona nguo isiyo na mahali pa kufumulia.

*

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa mtu mwangalifu, mwenye Cheti cha Nyani Daraja la Pili, na hakupenda kumkosoa sokwe.

Profesa Mlowoka akapanda kizimbani. "Mheshimiwa Hakimu, kipenga hulia kama dume la jirani linapovamia kundi. Masikio yakasikia, damu ikapanda, mkono ukatoka wenyewe. Mheshimiwa Waziri hakuwa na uwezo wowote. Tangu dunia iwe dunia, hakuna dume la daraja lake lililodhalilishwa mbele ya kundi likajizuia. Haliwezi. Kisayansi haliwezi!"

Waziri mwenyewe, aliyeketi mbele kwenye kiti cha kuzunguka, aliinamisha kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa wa heshima.

Bi Kidawa akasimama. "Naomba kuuliza."

"Wewe ni nani?" Hakimu akasema.

"Mama yake."

"Mama hatajwi katika sheria hii. Kaa chini."

"Basi niulize kama tawi la wapigwa."

Watu wakacheka. Hakimu akafungua sheria, akatafuta, na kwa bahati mbaya tawi la wapigwa lilikuwamo. "Haya. Uliza kwa kifupi."

"Profesa, majuzi Rais alimwita Mheshimiwa Ngulumbi kichwa maji mbele ya baraza lote la mawaziri. Tulisikia redioni. Mkono ulitoka?"

Profesa alifuta tena miwani. "Silika inafahamu itifaki, mama."

"Inafahamu itifaki halafu haifahamu kuotea?"

Mahakama ilivunjika mbavu. Hakimu akagonga meza mpaka kalamu zikaruka.

"Na la mwisho ni kwako, Mheshimiwa Hakimu," Bi Kidawa aliendelea. "Ikionekana kwamba anaweza kujizuia, binti yangu ana kosa gani?"

Hakimu akafikiri. Alikuwa mwoga, lakini alikuwa ameisoma sheria, na mtu akishaisoma sheria inamsumbua. "Achokozwe kweli? Mbele ya kundi?"

"Kweli kweli. Mbele ya kundi."

"Akijizuia hapo, sheria haina kazi na binti anakwenda nyumbani. Lakini, mama, nani katika nchi hii atamchokoza Waziri wa Amani? Una wazimu?"

Kabla hajajibu, msaidizi aliingia akamnong'oneza Waziri. Mheshimiwa Ngulumbi akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Shangazi yake, Bi Nambeta, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa amefariki. Kesi ikaahirishwa hadi siku itakayofuata mazishi.

*

Bi Kidawa alirudi nyumbani kwa miguu, na wifi yake Mwamvita pembeni. Mwamvita alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora.

"Maskini Bi Nambeta," alisema Mwamvita. "Kwani wifi, Ngulumbi si Mkorwe?"

"Mkorwe."

"Wale wezi wa kinu?"

"Hao hao."

Wakasimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli aliwatukana akapita.

Hapa inafaa kueleza. Bi Kidawa na Mwamvita walikuwa Wasandu. Hapo zamani Wasandu na Wakorwe walipigana vita virefu juu ya kinu kimoja cha kutwangia, kila upande ukisema upande wa pili ndio ulioiba. Walipigana mpaka wakabaki wachache, na wachache hao wakachoka. Wakakaa chini wakapatana: kuanzia leo badala ya mishale tutatupiana maneno. Tangu hapo wakawa watani. Msandu anaweza kumwita Mkorwe mwizi wa kinu mbele ya wakwe zake, naye Mkorwe atacheka na kumwambia kwamba Wasandu hujifunza kuoga wakiwa wazee. Na msibani ndiyo zaidi. Mkorwe akifa, Wasandu ndio wanaobeba jeneza, na kabla ya kulibeba watafanya wapendavyo: watamwiga marehemu, watawakejeli wafiwa, watawapaka unga. Mfiwa atakayekasirika ameharibu msiba. Atakayeinua mkono, Wasandu watakaa chini, na marehemu hatatoka ndani. Kwa vizazi vyote hivyo hakupata kutokea wa kuuinua.

"Wifi," Mwamvita akasema, macho yakimng'aa, "hilo kundi unalolitafuta si litakuwa pale msibani lote?"

Bi Kidawa alikuwa akimkumbuka Bi Nambeta. Siku alipozikwa mumewe, Bi Kidawa alikuwa amekaa kama jiwe, hasemi, halii, hali. Basi Bi Nambeta akaingia amevaa suruali ya marehemu na fulana yake, akazunguka msiba mzima akidai chai isiyo na sukari na kulalamika kwamba redio imefichwa, kwa sauti ile ile ya marehemu, mpaka Bi Kidawa akaangua kicheko, na kicheko kikafungua machozi yaliyokwama.

"Naona vibaya kumtumia maiti," alisema hatimaye.

"Kumtumia? Nambeta? Angekuwa hai angekuazima suruali!"

"Nilikuwa nakwenda hata kama Nasra asingekuwa ndani. Nina deni lake la utani."

"Basi lipa, wifi. Lipa na riba."

*

Msiba wa shangazi wa waziri ulikuwa wa kitaifa. Palikuwa na mahema, bendi ya polisi, kamera za televisheni, na viti vilivyopangwa kwa madaraja, Masokwe mbele, Manyani nyuma yao, Ngedere juani. Wazee wa Kikorwe waliketi kwenye mkeka karibu na jeneza. Profesa Mlowoka alikuwapo pia, kwa kuwa siku hizo Mheshimiwa hakwenda popote bila sayansi.

Bendi ilipoacha kupiga, vigelegele vilisikika langoni, na Wasandu wakaingia wakiimba kwamba wamekuja kukagua kinu chao. Walinzi waliwanyanyukia, lakini wazee wa Kikorwe walinguruma, "Waacheni! Ndio wenye kubeba!"

Mbele yao alitangulia Bi Kidawa. Alikuwa amevaa jezi namba kumi ya Wizara ya Amani, aliyoishona mwenyewe, na mto wa kitanda tumboni. Kwapani alikuwa na mpira. Alitembea kwa maringo hadi kwenye kiti cha Waziri na kusimama mbele yake, tumbo la mto likimkaribia pua.

"Habari za watoto?" akamuuliza kwa sauti nzito.

Wakorwe wakaanza kuguna kwa vicheko walivyovizuia. Mheshimiwa Ngulumbi akakodoa macho.

"Mwizi wa kinu mkubwa wewe!" Mwamvita akapaza king'ora chake. "Shangazi yako kakulea kwa uji, unga ukaingia wote tumboni, kichwani haukufika! Leo tumekuletea wa kichwani!"

Na Bi Kidawa akampaka unga. Alianza na paji la uso, akashuka mashavuni, akamalizia na ule upara wa kiwizara uliokuwa unang'aa. Kisha akauweka mpira chini, akausukuma kwa goti ukagonga kiti cha Waziri wa Kilimo, akainua mikono akishangilia. "Gooo! Nimesimama ninapotaka! Nchi yote uwanja wangu!"

Mzee mmoja wa Kikorwe alianguka ubavu kwenye mkeka akishika mbavu. Kamera zilisogea. Bi Kidawa akachomoa kipenga kilichokuwa shingoni mwake, akainama hadi kwenye sikio la Waziri, akapuliza kwa pumzi zote za mwanamke aliyelea watoto peke yake.

Mkono mpana ukanyanyuka.

Vicheko vilikatika. Mkono ulikuwa juu, na kila mtu katika nchi ile aliyekuwa na televisheni aliuona. Bi Kidawa hakusogea. Aligeuza shavu.

"Haya, mtani. Hili hapa. Laini, limetengenezwa kwa kazi hiyo."

Mzee wa Kikorwe aliinuka kwenye mkeka, hacheki tena. "Ngulumbi. Ukimgusa, Nambeta halali kaburini leo."

Ndipo Profesa Mlowoka, aliyeona jeneza litabaki pale, na msiba wa taifa utaharibika, na yeye ndiye mshauri, alisahau kila alichopata kufundisha. Aliruka kutoka kitini, tai ikipepea, akapiga kelele:

"Jizuie, Mheshimiwa! Jizuie! Unaweza!"

Bi Kidawa akageuka taratibu.

"Unamwambia nani, Profesa? Sokwe au Mheshimiwa?"

Mkono ulibaki hewani kitambo, kama mgeni asiyejua akae wapi. Halafu ukashuka, ukatua juu ya upara wa mwenyewe, na wingu dogo la unga likapanda. Mheshimiwa Ngulumbi alipiga chafya. Akautazama mkono wake ulivyojaa unga, akamtazama yule mwanamke mwenye mto tumboni, na mdomo ukaanza kumcheza. Alicheka. Kwanza kwa puani, kisha kwa tumbo lote, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga, na hapo haikujulikana tena kama anacheka au analia.

"Shangazi angecheka, mtani," alisema kwa sauti ndogo ambayo wizara haikuwahi kuisikia.

"Angecheka mpaka ajikojolee," alijibu Bi Kidawa, naye akavua mto, akajifuta macho. "Jamani, nyanyueni jeneza. Bibi yetu asicheleweshwe na wezi wa kinu."

*

Kesi iliporudi mahakamani, Profesa Mlowoka alikuja na utafiti mpya. Alieleza kwamba, kwa kuangalia upya ushahidi, mababu waliokuwa wakipiga kila mtu walifika mahali kundi likachoka nao. Wenzao wakaungana wakawaondoa. Waliobaki, wakaoa na kuzaa, ni wale waliojua wakati wa kushusha mkono.

"Kwa hiyo sisi sote," Bi Kidawa aliuliza, "ni wajukuu wa waliojizuia?"

"Kisayansi... kwa kiasi kikubwa, ndiyo."

"Na hayo ulikuwa hujui? Ulikuwa unangoja unga?"

"Nilijua, mama," Profesa alisema, akitazama viatu vyake. "Hakuna aliyeniuliza sehemu hiyo."

"Hasira tumetoka nazo porini, sawa. Na breki tulizitoa wapi, dukani?"

Hakimu alikohoa. Alimtazama Waziri, akatazama madirisha yaliyojaa watu, akaitazama tena ile sheria iliyokuwa inamsumbua. "Mahakama imeona kwenye televisheni kwamba mkono wa Mheshimiwa husikia ukiambiwa," alisoma haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Basi siku ya mechi hakukuwa na mnyama uwanjani. Aliyekuwapo ni Mheshimiwa mwenyewe. Mtuhumiwa aachiwe." Alipotambua alichosema, aliongeza kwamba habari za Mheshimiwa mwenyewe haziko mbele yake, akakimbilia chumbani akafunga mlango.

Nasra alitoka amekonda. Mama yake alimkagua kutoka juu hadi chini, akashika kiuno cha sketi yake.

"Nitaipunguza hapa."

"Mama."

"Ndiyo, mwanangu. Twende ukale kwanza."

*

Serikali ya nchi ile haikufuta Sheria ya Silika, maana haikuwa na mazoea ya kufuta. Ilitangaza kwamba vyeti vyote vya wanyama vitabadilishwa kuwa Vyeti vya Kujizuia, na watumishi wakapanga foleni upya kupimwa taya zile zile. Yule katibu mkuu aliyekuwa Kima alikata rufaa tena. Wananchi nao walijazana kwa wazee wakiuliza ukoo wao una utani na waziri gani, na waliokosa waliambiwa wasikate tamaa, utani mpya unaweza kuanzishwa, ni kutafuta kinu tu.

Na Kombe la Umoja likarudiwa, kwa sababu lile la kwanza halikumalizika. Profesa alikaa nyumbani akisema anaumwa. Nasra alipewa mechi tena, baada ya waamuzi wote wengine kugundua kwamba wana udhuru. Bi Kidawa safari hii hakubaki na televisheni. Alikaa jukwaani na Mwamvita, kofia mbili mkononi, moja ya kwake na moja ambayo Nasra alikuwa ameisahau.

Jua likiwa utosini, Mheshimiwa Ngulumbi aliletewa mpira amesimama pale pale, anamuuliza kipa kama mdogo ameota meno. Akausukuma wavuni.

Nasra akapuliza kipenga.

Mheshimiwa akageuka. Uso ukamvimba, kifua kikapanda, na ule mkono mpana ukaanza kunyanyuka. Nasra alibaki amesimama, anamtazama usoni.

Hapo uwanja mzima, jukwaa la wananchi na la mabalozi, mabeki wa Kilimo waliokuwa wamelala chini kama walivyoelekezwa, na bendi ya polisi, ukapiga kelele kwa sauti moja:

"Jizuie, Mheshimiwa! Unaweza!"

Mkono ukasita. Ukapita juu ya kichwa cha mwamuzi, ukaenda polepole mpaka kwenye upara wa mwenyewe, ukaanza kukuna mahali pasipowasha.

"Umeotea, Mheshimiwa," alisema Nasra.

"Kidogo?" akauliza Waziri wa Amani.

"Sana."

Mheshimiwa akaurudisha mpira nyuma kwa mikono yake mwenyewe, na mechi ikaendelea.